Kabini ya mfano ya wanaanga inavuja, inajizima, inapinduka majini: pa kuanzia kutafuta tatizo

Mwongozo huu umetokana na malalamiko yaleyale yanayorudi kila kikundi kinapoleta kabini yake kwenye majaribio. Naongelea kabini ya mfano ya chombo cha kubeba wanaanga: koni ya bati la alumini yenye kipenyo cha mita moja na nusu hivi, ina mlango, betri, kompyuta ndogo, feni, redio na parachuti, na mwisho wa yote inateremshwa ziwani tuone kama itaelea. Hairuki popote. Kazi yake ni kuwapitisha vijana wa ufundi hapa Mwanza kwenye hatua ambazo chombo halisi kama Orion, kile cha NASA, shirika la anga la Marekani, hupitia kabla hakijawekwa juu ya roketi: kuunganishwa, kupimwa presha, kuwashwa umeme, kutikiswa, na mfano wake kutupwa majini.

Ukiniuliza tatizo liko wapi kabla sijaiona kabini yenyewe, nitakujibu liko pale kazi ya mtu mmoja inapokutana na kazi ya mwenzake. Betri huwa nzima, kompyuta huwa nzima, plagi ya katikati ndiyo mbovu. Kwa hiyo anzeni na maungio, na msibadilishe vitu viwili kwa mpigo, maana tatizo likiisha hamtajua ni kipi kimeliondoa.

Mambo mawili hayana mjadala. Hakuna mtu kuingia kabini mlango ukafungwa, hata kwa dakika ya kupiga picha. Na hakuna oksijeni ya mtungi, iwe ya kuchomelea au ya hospitali, kuingia humo ndani. Tarehe 27 Januari 1967, Virgil Grissom, Ed White na Roger Chaffee walikufa ndani ya Apollo 1, chombo cha Marekani cha mpango wa kwenda mwezini, kwenye jaribio la ardhini ambalo halikuhesabiwa kuwa la hatari, kwa sababu roketi haikuwa na mafuta. Kabini ilikuwa imejazwa oksijeni tupu kwa presha iliyozidi kidogo ya nje. Moto ulipowaka, presha ikapanda na kuubana mlango, ambao ulikuwa unafungukia ndani. Baada ya hapo Wamarekani walitengeneza mlango mpya wa kufungukia nje kwa sekunde chache, na hewa ya kabini wakati wa kuruka ikachanganywa na nitrojeni.

Dalili: Presha inashuka

Hili ndilo linaloletwa mara nyingi kuliko mengine yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwanza, kipimo chenyewe. Tumieni mpira mwembamba unaoonesha maji, ule mafundi ujenzi wanaopimia usawa wa msingi. Ukunjeni umbo la U, utieni maji, ncha moja iunganishwe na kabini na nyingine ibaki wazi. Tofauti ya maji ya sentimita 50 ni kama kilopaskali 5, na inatosha kabisa. Msiidharau: mlango wa kipenyo cha sentimita 50 kwa presha hiyo unasukumwa nje kwa nguvu ya karibu kilo 100, gunia zima la mahindi. Kwa sababu hiyo tunajaza kwa pampu ya baiskeli, kompresa ya gereji haisogei hapa, na hakuna anayesimama mbele ya mlango. Uzuri wa mpira ni kwamba mkiukata mfupi, presha ikizidi maji yanaruka nje na hewa inatoka yenyewe. Lakini kompresa inaingiza hewa haraka kuliko mpira unavyoweza kuitoa.

Sababu ya kwanza, na ndiyo ya kawaida kuliko zote: hakuna tundu. Mmejaza saa 8 mchana kabini ikiwa juani, saa 12 jioni mnakuta maji yameshuka, mnaanza kupaka silikoni kila mahali. Hapa Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa ya kawaida ni kama kilopaskali 88. Ukiongeza zile 5, ndani mna 93. Hewa hiyo ikipoa nyuzi 3 tu za Selsiasi, presha inapungua kwa karibu asilimia 1 ya jumla yote, sawa na sentimita 9 za maji kwenye mpira wenu. Tena hewa ya nje nayo haitulii. Kwenye ukanda wetu wa tropiki hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kilele kikiwa mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na hiyo peke yake huweza kusogeza maji sentimita 2 au 3. Pimeni alfajiri, kivulini, kipimajoto kikiwa ndani ya kabini, na muandike joto na maji kila baada ya dakika 10. Maji yakishuka sambamba na joto, kabini haina kosa. Maji yakishuka na joto limesimama, hapo sasa tafuteni.

Sababu ya pili ni mpira wa mlango. Katakata vipande vya karatasi nyembamba, vibane kwenye mlango kuuzunguka wote, kisha vuta kimoja kimoja. Kinachotoka bila ubishi kinaonesha pale mpira haubani. Kabla hujanunua mpira mpya, futa ule uliopo kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Unywele mmoja au chembe ya mchanga inatosha kuvujisha, na karakana nyingi za huku ziko kando ya barabara ya vumbi.

Sababu ya tatu huwachanganya hata mafundi wazuri: waya zinazopita ukutani. Mmezungushia silikoni vizuri, mnapaka povu la sabuni, hakuna kiputo. Hewa inapita *ndani* ya waya, kati ya nyuzi za shaba na gamba la plastiki, na inatokea kwenye ncha ya pili, labda mita 2 kutoka hapo. Tumbukiza ncha ya nje ya waya kwenye glasi ya maji utaona viputo. Dawa yake ni kumenya gamba kwa sentimita moja pale waya inapopita ukutani, kujaza nyuzi kwa risasi ya kulehemu, ndipo mmwage gundi ya kugandisha juu yake.

Ya nne ni kiungo cha kuchomelea. Povu litaonesha mstari wa viputo vidogo. Hapa simameni. Gundi juu ya ufa inaficha ufa. Alumini inataka fundi mwenye mashine ya gesi ya agoni na mazoea ya chuma hicho. Fundi wa mageti, hata awe hodari vipi, ataitoboa. Wenzetu wa Orion walikwepa hata kuyeyusha chuma. Vipande vikubwa 7 vya aloi ya alumini na lithiamu huunganishwa kule New Orleans kwa kifaa kinachozunguka kwa msuguano mpaka chuma kilainike na kushikana, kisha kabini hupelekwa Florida na kujazwa presha inayozidi ile itakayokutana nayo safarini.

Bati likitoa mlio, likibonyea au likivimba, msisogee kuangalia. Mtu mmoja achomoe mpira akiwa pembeni, na jaribio liishie hapo mpaka mhandisi wa vyombo vya presha aione kabini.

Dalili: Matundu ya bolti hayakutani

Msichukue nyundo. Kwanza ulizeni vipande vilipimwa wapi. Pete ya mita 2 ya alumini iliyoachwa juani, ikawa na joto la nyuzi 20 zaidi ya mwenzake iliyo kivulini, imeongezeka karibu milimita 1. Viwekeni pamoja usiku kucha, jaribuni asubuhi. Kama bado, legezeni bolti zote, ziingizeni kwa mkono kwanza, ndipo mkaze kwa kuvuka, ya juu kisha ya chini, ya kulia kisha ya kushoto. Wengi hukaza wakizunguka kwa mpangilio, wakifika ya mwisho tundu limehama.

Likibaki moja tu lisilokutana, panueni tundu hilo kwa drili na muandike kwenye daftari. Yakiwa matatu au zaidi, pete imepinda, irudi kwa aliyeikata. Kulazimisha ndiko kulikoiangusha Soyuz MS-10, chombo cha Urusi cha kubeba wanaanga, tarehe 11 Oktoba 2018. Pini ya kihisi cha kutenganisha roketi ya pembeni ilipindwa wakati wa kuunganisha, chini ya nyuzi 7 tu, roketi haikuachana vizuri na ile ya katikati ikaigonga. Aleksey Ovchinin na Nick Hague walinusurika kwa sababu mfumo wa kuokolea ulifanya kazi.

Dalili: Kompyuta inajizima na kujiwasha feni ikianza

Hapa vijana hukimbilia kubadilisha programu. Acheni programu kwanza.

Shikeni multimita. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inasoma kama 12.6. Ikisoma 12.0, imekaribia kwisha, ichajini kabla ya kusema lolote. Ikiwa nzima, wekeni ncha za multimita kwenye *plagi ya kompyuta*, si kwenye betri, mwenzenu awashe feni. Betri ikionesha 12.4 na kompyuta 10.3, zile volti 2 zimepotelea njiani.

Mara nyingi zimepotelea kwenye ncha iliyobanwa kwa koleo la kawaida. Vuta kila waya kwa vidole: inayotoka haikuwa imeshika. Baadaye angalieni unene. Waya ya spika ya milimita za mraba 0.75, mita 4 kwenda na 4 kurudi, ikipitisha ampea 10, inakula karibu volti 2 peke yake. Na kama feni na kompyuta zinarudisha umeme kwa waya mmoja, zitenganisheni kila kimoja kirudi betrini kwa njia yake. Hilo la mwisho linatibu kelele nyingi za redio pia, bila mtu kuelewa kwa nini.

Kuna kosa jingine lisiloonekana leo likaja kuonekana mwezi ujao: kuendesha kabini kwa chaja ya mezani kwa sababu betri inachosha kubeba. Kila swichi na kila kihisi kilichochaguliwa kwa volti 12 kitapokea chochote chaja inachotoa. Kwenye Apollo 13, swichi za joto za tangi la oksijeni zilikuwa za volti 28, lakini mitambo ya ardhini ilitoa 65. Walipokuwa wanaondoa oksijeni tangini kwa kuipasha joto kabla ya safari, swichi ziligandana, hita haikuzimika, na magamba ya waya yakaungua ndani bila mtu kujua. Tangi lililipuka Aprili 1970 chombo kikiwa njiani kwenda mwezini. Kwa hiyo pimeni chaja kabla ya kuichomeka, na jaribio la mwisho lifanyike kwa betri ileile itakayosafiri na kabini.

Betri ya lithiamu iliyovimba, ya moto au yenye harufu tamu: msiitoboe, msiichaji. Itoeni nje kwenye udongo mtupu mbali na kabini, na mzima moto apigiwe ikianza kutoa moshi.

Dalili: Kumbukumbu zinaonesha parachuti limefunguka kabla kabini haijaachiwa

Mnacheka, lakini hili linaleta ugomvi kuliko mengine. Mmoja ameandika daftarini "saa 3:10", kompyuta imeandika 09:10, na wa tatu kwenye simu ameweka saa ya Greenwich (GMT) bila kujua, 06:10. Wote wako sahihi. Kwenye daftari la majaribio andikeni saa ya kompyuta tu, ile ya tarakimu 24, hata kama midomo inaendelea kusema saa 3 asubuhi. Kabla ya kila jaribio mtu mmoja asome saa kwa sauti na kila kifaa kirekebishwe hapohapo.

Kama saa zote zinafanana na bado mpangilio umevurugika, angalieni betri ndogo ya saa kwenye kompyuta. Ikifa, kompyuta huanza upya na tarehe ya zamani kila inapozimwa. Mwisho kabisa ndipo muangalie programu: inachukua saa kutoka wapi, na lini? Desemba 2019 Starliner, chombo cha kubeba wanaanga cha kampuni ya Boeing, ilichukua saa kutoka kwenye roketi yake mapema mno, ikawa imekosea kwa saa 11. Chombo kiliamini kiko sehemu nyingine ya safari, kikachoma mafuta hovyo na hakikufika kituo cha anga. Chombo na roketi kila kimoja kilikuwa kimepimwa. Hakukuwa na jaribio moja refu la kuendesha vyote viwili pamoja mwanzo hadi mwisho.

Dalili: Valvu imeganda, vioo vina ukungu, kutu imeanza

Hewa ya ziwani ina maji mengi na bati hupoa usiku, kwa hiyo alfajiri umande hutokea ndani kama ulivyo nje. Sababu ya kwanza ni kufunga kabini jioni ikiwa na hewa yenye unyevu. Fungeni mchana mkavu na muache ndani mifuko ya silika, vile vipakiti vya kwenye viatu vipya, lakini vingi. Sababu ya pili ni wadudu: wale wadogo wa ziwani wanaojaa kwenye taa msimu wao ukifika huziba feni na kuoza humo. Wavu mwembamba unatosha. Valvu iliyoganda ifunguliwe, isafishwe, ikaushwe. Msiimwagie mafuta ya cherehani bila kujua mpira wake unavumilia nini, maana mipira mingine huvimba.

Na mtu akiwacheka kwa kuogopa unyevu, mwambieni ya Agosti 2021. Valvu 13 za Starliner zilikataa kufunguka zikiwa bado Florida. Kioksidishaji, kile kimiminika kinachofanya mafuta ya chombo yawake, kilipenya na kukutana na unyevu wa hewa, ikatokea asidi ya nitriki, valvu zikaliwa na kugoma. Chombo kilishushwa kutoka kwenye roketi, kikaruka Mei 2022.

Dalili: Redio inakatika

Antena imelegea, au plagi yake haijakazwa. Karibu kila mara ni hilo. Ikiwa sivyo, jaribuni feni ikiwa imezimwa. Redio ikipona, rudini kwenye sehemu ya umeme. Kama mawasiliano na mtu aliye kando ya kabini ya mfano au kwenye mtumbwi yamekatika, jaribio linasimama mpaka yarudi. Siku ya Apollo 1 hesabu ilikuwa imesimamishwa kwa sababu ya redio mbovu, na moto ulizuka wakiwa bado wanahangaika nayo.

Dalili: Parachuti halitoki, au linatoka limesokotana

Angalieni pini kabla ya kitambaa. Mwezi Novemba 2019, kwenye jaribio la kuokoa kabini ya Starliner, moja kati ya parachuti kuu tatu halikufunguka kwa sababu pini inayoliunganisha na parachuti dogo la kulivuta haikuingizwa sawasawa, na mahali ilipo hapakuwa rahisi kuonekana. Mwenye kukunja asiwe mwenye kukagua. Ikunjeni mahali pakavu, pigeni picha ya kila pini kabla haijafunikwa, na kamba zisivuke.

Kudondosha kutoka juu ya jengo au kwa drone si kazi ya kikundi peke yake. Drone inataka kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na baruti ya aina yoyote ya kufungulia parachuti, hata ya fataki, haiguswi.

Dalili: Inaelea upande, au inageuka chini juu

Ni uzito, karibu kila mara. Ninginizeni kabini kwa kamba pembeni, chora mstari wa wima. Ninginizeni kwa sehemu nyingine, chora tena. Pale mistari inapokutana ndipo uzito ulipo. Ukiwa juu ya nusu ya kina kitakachozama, shusheni betri chini kabisa, na ongezeni vyuma sakafuni, mvifunge kwa bolti. Vyuma visivyofungwa huhamia upande mmoja kwenye wimbi la kwanza. Mafundi mitumbwi wa Kirumba watawaeleza hili kwa kuangalia tu, waiteni na muwalipe muda wao.

Ikiwa uzito uko sawa na bado inainama, ina maji. Maji hayo huingia kwenye ungio la mlango au matundu ya waya yaliyopita jaribio la presha: mpira uliobana hewa inayosukuma kutoka ndani huweza kuachia maji yanayosukuma kutoka nje. Rudieni jaribio la karatasi, safari hii mlango ukisukumwa kutoka nje.

Kupinduka kwenyewe si aibu. Kabini ya Apollo 11 ilipinduka baharini Julai 1969, mifuko ya hewa ikainyanyua. Orion imebeba mifuko mitano kwa kazi hiyohiyo. Mkitaka mfumo kama huo, madumu matupu ya lita 20 yaliyofungwa juu, pande zote, yanatosha.

Mteremsho ufanyike asubuhi kabla upepo wa ziwani haujapanda, kutoka gatini au kwenye mtumbwi, kila mtu na jaketi la kuokolea. Msitembee kwenye majani ya ufukweni: kuna kichocho, na kwenye sehemu nyingine mamba na viboko. Wenye chombo cha kuvuta wawe na usajili wao, na polisi wanamaji wajulishwe mapema. Kabini ikianza kuzama, kata kamba iende. Kamba ndefu yenye boya itaonesha ilipo, na kuifuata chini ni kazi ya wazamiaji.

Ikirudi nchi kavu, fungueni kizibo cha chini maji yatoke, tenganisheni betri kabla ya kugusa swichi yoyote, na muiache wazi siku nzima juani kabla ya kuiwasha.